Saveya, hii bikoni iko mahali pake kweli? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu usahihi wa kupima ploti Nairobi

Haya maswali yote nimeulizwa, mengine nikiwa nimesimama kwa ploti, mwenye ploti upande huu na jirani yake upande ule, wote wananiangalia mdomo, mengine kwa simu saa nne usiku. Nimepima Nairobi miaka mingi, kuanzia Karen mpaka Ruai, na kitu kimoja natamani kila mtu ajue kabla hajaita fundi wa ukuta ni hiki: hakuna kipimo kisicho na plas-minas. Saveya, yaani mpima ardhi, akikupa namba bila kukuambia inaweza kukosea kwa kiasi gani, amekupa nusu ya habari.

Niko na apu ya GPS kwa simu, si naweza tafuta bikoni zangu mwenyewe?

Kutafuta bikoni, zile alama za kona za ploti, ndio. Kuamua mpaka uko wapi, hapana. Simu ikiwa mahali wazi, bila miti na bila magorofa, inakuweka ndani ya mita 5 hivi kutoka mahali uko kweli. Sasa ploti ya futi 50 kwa 100 ina upana wa mita 15.24 peke yake, kwa hivyo hizo mita 5 ni theluthi ya upana wa ploti yako, na hapo tunaongea juu ya siku nzuri, kwa sababu ukiingia mtaa wa Pipeline ama Kilimani katikati ya magorofa zile signali zinagonga ukuta kwanza ndio zifike kwa simu, na simu haiwezi kujua zimezunguka, inahesabu tu kama zimekuja moja kwa moja. Mimi mwenyewe natumia simu kufika karibu na bikoni, halafu naweka simu mfukoni nachukua jembe.

Lakini hiyo apu inanipa namba nane baada ya nukta, hiyo si ni usahihi mkubwa?

Hapana, hiyo ni kioo cha simu tu kinaandika. Hapa kwetu karibu na ikweta digrii moja ni kilomita 111 hivi, kwa hivyo tarakimu ya tano baada ya nukta ni kama mita moja na ya saba ni kama sentimita moja. Simu inayokosea mita 5 haijui chochote kuhusu tarakimu ya saba, inaijaza tu. Ukitaka kujua simu inajiamini kiasi gani angalia kile kiduara cha bluu kwa ramani, hicho angalau kinasema ukweli kidogo.

Kupima vizuri na kupima sawa, tofauti iko wapi?

Hili ndilo swali ninalopenda zaidi, watu wengi wanadhani ni kitu kimoja. Fikiria mzani wa viazi pale soko la Marikiti. Unaweka kiroba, unasoma kilo 20. Unatoa, unarudisha, kilo 20. Mara kumi, kilo 20 zile zile. Mzani mzuri sana, ama? Halafu unatoa kila kitu unaona mshale haurudi kwa sifuri, uko kwa gramu 500. Ule mzani unajirudia vizuri lakini unakudanganya kila mara, tena kwa kiasi kile kile.

Kwa ardhi hii iliniuma wakati mmoja Ruai. Tuliweka beizi ya GPS, ile mashine inayokaa pale pale, mahali wazi, lakini kijana aliyeiwasha hakuiweka juu ya pointi inayojulikana, aliiambia tu ijitafutie mahali iko. Rova, ile ya kutembea nayo, ikafanya kazi asubuhi yote, kila bikoni inatoka na plas-minas ya sentimita mbili, umbali kati ya bikoni unakubali na ramani mpaka raha, mimi nikafurahi nikaanza kuambia mwenye ploti achimbe mashimo. Kabla hajachimba nikasema wacha niguse bikoni moja ya zamani ng'ambo ya barabara, ile ambayo haikuwa kwa kazi yetu. Tofauti mita mbili na kitu. Shamba lote lilikuwa limehama na umbo lake zuri, kama meza umeisukuma na vyombo vyake vyote juu. Hakuna namba hata moja kwa kile kioo ingenionyesha hilo. Tangu siku hiyo sianzi na sifungi kazi bila kugusa pointi ambayo sikuiweka mimi.

Mashine gani inapima vizuri zaidi, GPS kubwa ama totali stesheni?

Inategemea umesimama wapi. GPS ya RTK, ile ya beizi na rova, kwa mahali wazi inakupa sentimita 1 na inaongeza milimita moja kwa kila kilomita kutoka kwa beizi, kwa hivyo beizi ikiwa kilomita 10 mbali hesabu sentimita 2, na kwa kimo hesabu kama mara mbili ya hiyo. Totali stesheni, ile mashine ya miguu mitatu inayopima kwa mwanga, inapima umbali kwa milimita 2 hivi na pembe kwa sekunde 1 mpaka 5 (si za saa, digrii moja ina dakika 60 na kila dakika sekunde 60). Sekunde 5 inaonekana kitu kidogo na kweli ni kidogo, kwa mita 100 ni milimita 2 na nusu. Dakika moja nzima kwa mita 100 ndio inakuletea sentimita 3.

Kwa hivyo Embakasi ndani ya vichochoro vya magorofa, ama chini ya miti ya Karen na Lavington, mimi natoa totali stesheni. Ruai ama upande wa Kamulu kukiwa wazi, RTK inamaliza kazi ya siku mbili kwa asubuhi moja. Na mara nyingi ni zote mbili, RTK inaleta kontroli, yaani pointi zinazojulikana za kuanzia, mbili tatu pale wazi barabarani halafu totali stesheni inaingia ndani.

Kitu kimoja watu hawaambiwi: kwa hizo namba za kiwanda, kwa kawaida kipimo kimoja katika vitatu kinakosa kuingia humo. Ukitaka ile ya "karibu kila mara", zidisha kwa mbili.

Mbona saveya wawili wamepima ploti yangu na wamepata tofauti?

Tofauti kiasi gani? Ikiwa ni sentimita 2, 3, hao wawili wamekubaliana, wacha wote walipwe waende. Kila bikoni ikiwa na plas-minas ya sentimita 2, umbali kati ya bikoni mbili una plas-minas ya karibu 3, na wewe unalinganisha kazi za watu wawili.

Ikiwa ni sentimita 30 ama mita moja, hapo kuna mtu amekosea, na kawaida ni moja ya hizi: wameanza kwa kontroli tofauti, mmoja ameshika bikoni iliyong'olewa ikarudishwa, ama mmoja amesahau kitu cha mashine. Kile cha kusahaulika sana ni prizima, kile kioo cha kurudisha mwanga kwa totali stesheni. Kila aina ya prizima ina namba yake ya kurekebisha, na ukitumia ya aina moja na mashine imewekewa ya aina nyingine unaweza kupata milimita 30 za bure kwa kila umbali, sentimita 3 kwa mita 10 na sentimita 3 kwa mita 500. Ukiona kosa halikui na umbali, angalia prizima kwanza.

Nairobi iko juu sana, hiyo inasumbua vipimo?

Inasumbua, na nashangaa vile haiongelewi. Uwanja wa JKIA uko mita 1,624 juu ya bahari na Wilson karibu 1,690, na huku juu hewa ni nyepesi. Pwani presha ya hewa ni kama milibari 1,013, hapa ni kama 830. Mwanga wa totali stesheni unakimbia haraka kidogo kwa hewa nyepesi, kwa hivyo mashine ikiachwa na presha ya pwani, vile inatoka dukani, inakukosea karibu sentimita 5 kwa kila kilomita. Kwa ploti ya mita 30 ni milimita moja na nusu, sahau. Lakini unapovuta kontroli kutoka kilomita mbili mbali, umeshapoteza sentimita 10 kabla hujafika kwa lango. Joto nalo, digrii moja ni milimita moja kwa kilomita, na kutoka saa moja asubuhi Julai mpaka saa nane mchana joto linapanda digrii kumi na zaidi kwa siku nyingine. Dakika moja ya kuweka presha na joto kwa mashine, basi.

Halafu kuna ile ya kushusha umbali mpaka usawa wa bahari. Kwa kimo chetu kilomita moja ya hapa chini ya miguu inakuwa fupi kwa sentimita 26 hivi ukiishusha. Na gridi ya UTM, ile ya kuchora dunia kwa ramani bapa kwa mita, nayo inavuta upande wa pili, kwa sababu Nairobi iko zaidi ya digrii mbili magharibi ya mstari wa kati wa zoni 37, inarefusha kilomita kwa sentimita 30 hivi. Hizo mbili hapa zinakaribia kufutana, sisi tuna bahati, lakini usibebe hiyo bahati ukaenda nayo Mombasa, kule hakuna kimo cha kufuta kitu na gridi inafupisha.

Nimeweka kodineti (namba za mahali) za ramani ya zamani kwa GPS zikanipeleka kwa shamba la mtu mwingine kabisa.

Zilikuwa za mfumo mwingine. Ramani nyingi za ploti za zamani ziko kwa Cassini, tena kwa futi. Ramani kubwa za Survey of Kenya ziko kwa UTM ya Arc 1960. Simu na GPS zinaongea WGS84. Kati ya Arc 1960 na WGS84 hapa Nairobi kuna kama mita 300, nyingi yake kaskazini-kusini, kwa hivyo ukikosea mfumo hukosei kwa sentimita, unakosea mtaa. Uzuri wake ni kwamba kosa kubwa hivyo linajionyesha. Linaloniogopesha ni lile la mtu kutumia namba za kijumla za kubadilisha mfumo mmoja kwenda mwingine, zile ziko ndani ya kila programu. Hizo zimetengenezwa kwa eneo kubwa na zinaweza kukuacha mita kadhaa nje, na hapo unaweza kuona sawa na kumbe si sawa. Dawa ni kugusa bikoni tatu nne za zamani zilizo imara karibu na ploti na kupata mabadiliko ya pale pale.

Hati yangu inasema hekta 0.046 na kupima nimepata 0.0465. Nimeibiwa ama nimezawadiwa?

Wala hiki wala kile. 50 kwa 100 futi ni mita za mraba 464.5, kwa hivyo kipimo chako kiko sawa, hati nayo imekatwa tarakimu tu. Lakini kuna jambo lingine hapa ambalo linaumiza wanunuzi na halihusu mashine hata kidogo. Thumni ya ekari ni mita za mraba karibu 506. Watu wanauziwa "thumni" halafu wanapimiwa 50 kwa 100, tofauti mita za mraba 41, hiyo ni vyumba viwili na choo. Hapo neno ndilo limekosea. Uliza futi.

Jirani anasema mpaka ni mchongoma, mimi nasema ni ramani ya RIM, ile ya rejista ya ardhi. Nani ako sawa?

Inategemea hati yenu ni ya aina gani, na hili swali ni la maana kuliko mashine zote nimetaja. Kuna mipaka iliyopimwa na kufungwa, kila kona iko na bikoni na kodineti zake, hiyo ndio nyingi ya katikati ya jiji. Halafu kuna mipaka ya jumla, kama ile ya hati za Dagoretti, Riruta na Waithaka na sehemu kubwa ya Kiambu, ambapo ramani ilichorwa kufuata ua na mchongoma, mara nyingi kutoka kwa picha za ndege. Sheria ya usajili wa ardhi ya 2012, kifungu cha 18, inasema wazi kwamba kama mpaka haujafungwa kwenye rejista, ramani inaonyesha mahali pa kukadiria peke yake.

Na angalia hesabu yenyewe. Ramani ya 1:2,500, mstari wa kalamu wa nusu milimita ni mita 1.25 ardhini. Kwa 1:5,000 ni mita 2 na nusu. Sasa mtu anakuja na rula anapima RIM halafu anaambia jirani "umeingia kwangu mita moja", hiyo mita moja iko ndani ya wino! Nimeona ndugu wawili Riruta hawaongei kwa sababu ya upana wa kalamu. Kwa mpaka wa jumla, mchongoma wa miaka mingi ambao wazee wote wawili waliukubali una nguvu kuliko mstari, na RTK ya sentimita 1 haiwezi kufanya ramani ya mita 2 iwe ya sentimita 1.

Mkishindwa kuelewana usikimbie kortini kwanza, sheria hiyo hiyo inataka msajili wa ardhi aamue mpaka kabla korti haijasikiza. Msajili anakuja na saveya wa serikali, majirani wote wanaitwa.

Bikoni inaweza kusonga yenyewe?

Ndio, na Nairobi zaidi. Upande wa Embakasi na kwenda Syokimau kuna ule udongo mweusi, bleki kotoni, mvua ikinyesha unafura, kiangazi unapasuka mpaka mkono unaingia. Bikoni fupi iliyomwagiwa zege kidogo juu juu inabebwa nao. Mimi nachimba chini zaidi kwa huo udongo, na mteja analalamika juu ya simiti, na bado nachimba. Bikoni nyingine zinasongezwa na trekta ya barabara, nyingine na watu wa kutafuta vyuma, nyingine na jirani, na hiyo ya mwisho ni kosa la jinai.

Hata bara lenyewe linasonga, kwa mfumo wa dunia nzima Nairobi inaenda kaskazini-mashariki karibu sentimita 3 kwa mwaka, lakini wewe na jirani yako mnaenda pamoja kwa hivyo msigombane juu ya hiyo. Inaleta shida kama saveya amechanganya kodineti za satelaiti za leo na za miaka kumi iliyopita bila kurekebisha.

Nikipimiwa mara nyingi si usahihi unaongezeka?

Unaongezeka kidogo kidogo. Mara nne inapunguza kosa kwa nusu, mara tisa inabaki theluthi. Lakini ni yale makosa ya kubahatisha peke yake, mkono kutetemeka, hewa kucheza. Mzani wa Marikiti hata uupime mara mia haurudi sifuri. Afadhali mara mbili kwa njia mbili tofauti, kwa mfano RTK asubuhi kisha uizime, uanze upya baada ya masaa mawili satelaiti zikiwa zimehama, ama utumie totali stesheni kuangalia kazi ya RTK, kuliko mara kumi kwa njia moja.

Saa ngapi ni nzuri ya kupima na GPS?

Asubuhi. Sisi tuko karibu na ikweta na anga la juu huku linachafuka zaidi mchana na baada ya jua kuzama, haswa miezi ya Machi na Septemba. Jioni RTK inaweza kukataa kushika, yaani kupata jibu la sentimita, ama ishike uongo. Nikiona imekawia kushika mahali wazi, nafunga virago.

Nitajuaje kazi imefungwa vizuri?

Uliza saveya alirudi alipoanzia na akakosa kwa kiasi gani. Akizunguka kilomita moja na kukosa sentimita 5, hiyo ni moja kwa 20,000, kazi nzuri. Lakini usishikwe na hiyo hesabu kwa ploti ndogo, kuzunguka 50 kwa 100 ni mita 91, ukikosa sentimita 2 inatoka moja kwa 4,600 na inaonekana mbaya wakati ni sentimita 2 tu. Kwa ploti ndogo uliza sentimita, kwa shamba kubwa uliza uwiano. Na uulize kama ana leseni ya Bodi ya Wapima Ardhi, ama anafanya chini ya mwenye leseni, kwa sababu kazi yake ndiyo itafika Survey of Kenya pale Ruaraka kukaguliwa.

Nimechimba nimepata bikoni ya zamani, lakini iko sentimita 12 kutoka mahali kodineti zinasema. Nifuate gani?

Bikoni, kama ni ile ya asili na haijaguswa. Watu wanashtuka nikisema hivi. Lakini aliyeipanda alipima na vifaa vya wakati wake, pengine utepe wa chuma juani, na namba aliyoandika ilikuwa jaribio lake la kueleza mahali alipoiweka. Jiwe ndilo mpaka, namba ni maelezo ya jiwe. Ukifuata namba ukahamisha jiwe, umehamisha na ya jirani, na ya jirani wa jirani, mpaka mwisho wa mtaa.

Kazi iko kwa hilo neno "haijaguswa". Ninachimba polepole pembeni, naangalia kama zege limekaa wima, kama udongo unaolizunguka ni ule wa kushindiliwa na miaka ama umechimbuliwa juzi, halafu napima kutoka kwake mpaka bikoni zingine mbili tatu za mtaa. Mwaka mmoja Umoja nilipata pini imekaa vizuri kabisa, imepakwa rangi hata, lakini umbali kwenda kwa wenzake wote ulikuwa umezidi kwa sentimita 40 upande mmoja. Nikaanza kuchimba kuelekea mahali wale wenzake walikuwa wananionyesha. Nusu mita chini, chini ya kifusi cha mawe, nikakuta zege la zamani limevunjwa kichwa, na shimo la pini bado liko katikati yake.